Bima ya Mtu Asiyekata Bima

Kijana wa bodaboda wa Nkende, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime, mkoani Mara, anapokata bima ya pikipiki yake huwa na mtu mmoja tu kichwani: trafiki. Anataka akisimamishwa kwenye barabara iendayo Sirari mpakani, namba ya pikipiki ikiangaliwa kwenye simu, jibu lirudi kwamba bima ipo, naye aendelee na abiria wake. Ukimuuliza bima hiyo inamlinda nani, atakwambia inamlinda yeye na chombo chake. Kwa bima anayoikata, ile ya mtu wa tatu ambayo mtaani huitwa bima ndogo, amekosea. Akiteleza peke yake kwenye utelezi, pikipiki ikaingia mtaroni na mguu ukavunjika, bima ndogo haimpi hata senti. Anayestahili kulipwa ni mama aliyekuwa anavuka barabara na beseni la ndizi kichwani, akagongwa.

Mama huyo hakujaza fomu. Hajui jina la kampuni, hajui ada ilikuwa shilingi ngapi, na pengine hajawahi kuingia ofisi ya bima maisha yake yote. Hata hivyo ni kwa ajili yake sheria ilimlazimisha kijana kutoa fedha mfukoni.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na kiini chake hakijabadilika: hakuna ruhusa ya kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima ya kulipia kifo au majeraha ya mtu mwingine. Aliyeiandika hakumhurumia mwenye gari. Aliona kwamba dereva anaweza kumvunja mtu uti wa mgongo kisha akawa hana chochote cha kuuza, mahakama ikaamuru alipe na hukumu ikabaki karatasi. Ndiyo maana kampuni ikawekwa nyuma ya dereva, ibebe hukumu hiyo.

Hapa ndipo kazi ya mdhibiti wa bima inapokuwa ngumu kuliko ya wadhibiti wengi. Anayesimamia maji au umeme humlinda mteja anayelipa bili na anayejua kulalamika bomba likikauka. Mdhibiti wa bima ana mteja wa namna hiyo, lakini ana pia mtu ambaye hata hajijui kuwa ana haki, na huyo wa pili ndiye anayeumia zaidi.

Tanzania kazi hiyo imekabidhiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, maarufu kwa kifupi chake cha TIRA. Iliundwa kwa Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 na inaongozwa na Kamishna wa Bima, nafasi inayoshikwa katika miaka hii na Dkt. Baghayo Saqware. Kabla yake historia ilikuwa fupi. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likabaki peke yake sokoni Tanzania Bara. Zanzibar wakawa na shirika lao kuanzia 1969. Kampuni ikiwa moja na ni ya serikali, nani atamdhibiti nani? Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi, na leo zipo zaidi ya 30, pamoja na madalali, mawakala na benki zinazouza bima dirishani. Soko limepanuka kwa idadi ya wauzaji, ingawa mauzo yote ya bima kwa mwaka bado ni karibu asilimia 2 tu ya pato la taifa.

Jambo la kwanza ambalo mdhibiti amelipigania kwa nguvu ni dogo kwa sura: bima iwepo kweli. Wenye magari wanaikumbuka vizuri enzi ya stika za karatasi. Kila stendi ilikuwa na kishoka wake. Alikuwa na kitabu cha stika, mhuri, na kalamu ya kujaza tarehe, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya bei ya dukani. Stika ilibandikwa kwenye kioo, trafiki akaridhika, mwaka ukaisha salama. Uongo uligundulika siku ya ajali tu, pale kampuni ilipotafuta namba kwenye vitabu vyake na kukuta haipo. Aliyepata hasara kubwa hapo hakuwa mwenye gari aliyejipunguzia gharama. Alikuwa yule aliyelala wodini.

Stika za karatasi zimeondolewa, na bima ya chombo cha moto sasa hutolewa kwa njia ya kielektroniki kupitia mfumo wa TIRA uitwao TIRA-MIS. Kampuni au wakala akikata bima, taarifa huingia kwenye mfumo huo, na yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuandika namba ya usajili wa gari au pikipiki akaona kampuni iliyoikatia bima, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ni hatua iliyomnyima kishoka riziki yake ya zamani. Pia imefanya jambo ambalo halikutangazwa sana: imempa mtu aliyegongwa uwezo wa kujua mwenyewe chombo kilichomgonga kina bima ya nani, bila kumbembeleza mwenye chombo. Familia ikinakili namba ya pikipiki pale pale barabarani, imeshashika ncha ya uzi.

Lakini kishoka hafi kirahisi. Siku hizi anaweza kupokea fedha kwa simu, akaahidi kuingiza taarifa kwenye mfumo kesho, na kesho isifike. Kanuni ya soko ni kwamba bima huanza ada ikishalipwa. Hakuna bima ya kukopa. Ndiyo maana mtu anayelipa kwa namba binafsi ya wakala badala ya namba ya malipo ya kampuni anajiweka pabaya. Risiti yake inaweza kuwa ujumbe wa simu tu.

Kuna pia uongo wa nusu, ambao mfumo hauukamati. Pikipiki ya kubeba abiria ina bei yake ya bima na pikipiki ya matumizi binafsi ina bei yake, iliyo chini. Wapo wanaochagua ya chini. Kwenye mfumo bima inaonekana hai, trafiki hana neno. Abiria akivunjika nyonga, mpelelezi wa kampuni atauliza swali moja: ulikuwa unampeleka nani, kwa nauli kiasi gani? Mzozo huanzia hapo, na unaweza kuchukua miaka.

Tuseme basi bima ipo, ni halali, na ni ya aina sahihi. Mama wa beseni la ndizi amegongwa. Nini hufuata?

Kwanza polisi. Fomu ya PF3 ndiyo tiketi ya kuingilia matibabu kwa mtu aliyejeruhiwa, na wengi wanaijua. Kinachosahaulika ni kwamba karatasi za polisi ndizo zitakazobeba dai lote la fidia: ripoti ya ajali, mchoro wa eneo, taarifa ya ukaguzi wa chombo, na mashtaka yakifika mahakamani, nakala ya hukumu. Hospitali nayo itatoa taarifa ya daktari, risiti za matibabu, na mwishoni maelezo ya ulemavu uliobaki. Yote haya yatahitajika na kampuni ya bima, na kila moja lina dirisha lake na foleni yake.

Akifa, mlolongo unaongezeka. Fidia ya marehemu hailipwi kwa kaka mkubwa kwa sababu ni kaka mkubwa. Inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za vijijini njia ni ile ile: ukoo unakaa, muhtasari wa kikao unaandikwa na kusainiwa, cheti cha kifo kinatafutwa, kisha ombi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Hakuna kati ya hatua hizi iliyo ya hila. Tatizo ni kwamba zinaangukia watu walio msibani, na kila nauli ya kwenda mjini inatoka kwenye mfuko uliokwisha kutobolewa na gharama za hospitali na mazishi.

Kwa upande wa Tarime na Serengeti kuna jambo jingine, nalo linastahili kuelezwa kwa uangalifu kwa sababu lina hekima ndani yake. Wakurya wana mabaraza yao. Inchama ya wazee ina uzito, na mkutano wa hadhara wa iritongo umemaliza kesi ambazo polisi walishindwa kuzigusa. Ajali ikitokea kati ya watu wanaojuana, ukoo wa mwendeshaji huenda kwa ukoo wa aliyeumia. Wanakiri kosa, wanachangia mazishi au matibabu, pengine mfugo unahama zizi, na karatasi inaandikwa kwamba pande mbili zimemalizana. Amani inarudi. Watoto wa koo hizo wataendelea kuchota maji kisima kimoja.

Bima haijui lugha hiyo. Mikataba ya bima ya magari kwa kawaida ina sharti kwamba mwenye chombo asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Akishakiri mbele ya wazee na kusaini, kampuni ina hoja ya kujitoa. Na familia iliyosaini kwamba imemalizana kwa gharama za jeneza na magunia mawili ya mahindi itaulizwa baadaye inadai nini tena. Mbaya zaidi, mara nyingi wakati wa kumalizana polisi hawakuitwa, kwa hiyo hakuna mchoro wala ripoti. Ajali ambayo haikuandikwa, kwa kampuni ya bima haikutokea.

Wazee hawana kosa kwa kukaa kikao. Wanaweza kupatanisha koo na papo hapo wakaacha mlango wa fidia wazi, mradi polisi wameandika na karatasi ya mapatano haijataja kwamba madai yote yamekwisha. Kama TIRA ingetaka kuchagua watu wa kuwafundisha kwanza katika wilaya hizi mbili, wenyeviti wa vitongoji na wazee wa koo wangestahili kutangulia kabla ya mabango ya barabarani. Elimu ya bima inayotolewa redioni huwa inamwambia msikilizaji akate bima. Mara chache inamwambia afanye nini akigongwa na mtu aliyeikata.

Muda nao una meno. Dai la madhara ya namna hii lina ukomo wa kisheria wa miaka 3, na familia iliyongoja mwendeshaji atimize ahadi zake hugundua baadaye kwamba kalenda haikuwa inangoja.

Na kampuni je? Nyaraka zikishakamilika, sheria inaitaka ilipe ndani ya siku 45. Hiki ndicho kipengele ambacho kamishna mmoja baada ya mwingine amekuwa akikirudia mbele ya wakuu wa kampuni. Sababu ni rahisi: ulipaji wa fidia ndiyo bidhaa pekee ambayo kampuni ya bima inauza. Kabla ya hapo imepokea fedha tu. Ujanja wa kampuni mbovu haupo katika kukataa kulipa, maana kukataa kunaacha barua yenye tarehe na sahihi ambayo mtu anaweza kuipeleka mbele. Ujanja upo katika neno "kukamilika". Leo inatakiwa nakala ya leseni. Wiki ijayo nakala hiyo iwe imethibitishwa. Mwezi unaofuata ofisa aliyekuwa na faili amehamishwa. Siku 45 hazijaanza hata kuhesabiwa. Ndiyo maana inafaa mlalamikaji apeleke nyaraka kwa barua yenye orodha, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na kuitunza nakala hiyo.

Akifika ukutani, kuna milango miwili. TIRA yenyewe hupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa kampuni, wakala au dalali, na ina meno: inaweza kutoza faini, kusimamisha na hata kufuta leseni. Mlango wa pili ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa na sheria hiyo hiyo ya 2009 ili kusikiliza migogoro ya madai bila mlalamikaji kutozwa ada na bila ulazima wa kuwa na wakili. Anayetaka kwenda huko hutakiwa kwanza kuwa ameilalamikia kampuni husika. Wengi wa wale ambao ofisi hii ingewafaa hawajawahi kuisikia, na makao yake Dar es Salaam hayasaidii. Ofisi ya TIRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, nayo kwa mtu wa Nyamwaga, Tarime, au wa Mugumu, Serengeti, ni safari ya kulala. Simu na barua pepe zinafupisha njia hiyo kwa anayejua kuzitumia.

Kipaumbele kingine cha mdhibiti hakionekani kabisa na mwananchi mpaka kiwe kimeshindikana: kampuni yenyewe isife. Kwa wakazi wa Tarime somo lipo ng'ambo ya mpaka, Isebania, upande wa Kaunti ya Migori, ambako wana ndugu, wachumba na wadeni. Kenya imeona kampuni kadhaa za bima zikianguka. United Insurance, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi, yaani daladala za Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Resolution, iliyojulikana kwa bima ya afya, ikafika huko Aprili 2022. Kampuni ya bima ya magari hufa kwa njia inayofanana: inashusha bei ili ipate wateja wengi, fedha zinaingia haraka, kisha hukumu za mahakama za ajali za miaka miwili mitatu iliyopita zinaanza kufika, na fedha zimeshatumika. Wenye matatu waliolipa ada kwa uaminifu walijikuta wakikodolewa macho na madalali wa mahakama, maana kampuni iliyotakiwa kulipa haikuwa na kitu.

Kenya iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima kwa ajili ya kampuni zinazoanguka namna hiyo, lakini malipo yake yana kikomo cha shilingi 250,000 za Kenya kwa mdai mmoja, kiasi ambacho hakimalizi upasuaji mkubwa na miezi ya mazoezi ya viungo. Upande wa Tanzania kampuni hutakiwa kuwa na mtaji wa kiwango kilichowekwa, kuweka amana ya dhamana Benki Kuu, na kupeleka hesabu zao kwa mdhibiti. Bei ya chini ya bima ya mtu wa tatu nayo imewekwa. Gari dogo la binafsi lilizoeleka kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 na VAT yake. Wapo wanaonung'unika kwamba bei elekezi inazuia ushindani. Mtu aliyeona kilichowapata wenye matatu atasita kuungana nao. Bima ya bei ya kutupa huwa inalipwa baadaye na aliyegongwa.

Kwa kuwa mpaka umetajwa: bima ya Tanzania haivuki Sirari. Dereva anayeingia Kenya na gari au lori anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa kikanda ulioanza miaka ya 1980 ambao Tanzania imeendelea kushiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hutolewa na kampuni iliyokata bima ya nyumbani, na inambeba mtu atakayegongwa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi kwa mujibu wa sheria za huko. Katika kituo cha pamoja cha Sirari na Isebania, watu wanavuka kwenda sokoni kama wanavyovuka barabara, na wapo wanaosahau kwamba wakiwa hatua 200 mbele bima yao ya nyumbani haina maana.

Nje ya barabara, bima inayomgusa mwananchi wa kawaida zaidi ya zote huenda ni ile asiyojua kuwa ameikata. Mwalimu wa Mugumu au muuguzi wa Tarime anapochukua mkopo benki, ndani ya makato kuna ada ya bima ya mkopo. Akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima ndiyo inayomalizia deni. Tangu kanuni za mwaka 2019 zilizoruhusu benki kuwa mawakala wa bima, biashara hii imekua kwa kasi. Mdhibiti anataka mteja aambiwe waziwazi ni bima gani, ya kampuni gani, na inalipa nini. Dirishani mambo huenda haraka. Mkopaji anasaini kurasa kumi na moja akiwaza mabati, na mkewe au mumewe hajui lolote. Ofisa wa benki akifika baadaye kudai marejesho kwa mjane, swali la kumuuliza ni moja: bima ya mkopo ilikatwa kampuni gani? Vyeti vya kifo vingi vimelala kwenye masanduku vikiwa vimebeba thamani ya mamilioni.

Lugha nayo inachangia kutojua huko. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini mikataba mingi ya bima bado imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili wa London, chenye sentensi ambazo hata Mwingereza huzisoma mara mbili. Mtu hawezi kulindwa na sharti asilolielewa.

Ugomvi huu wa kumtendea haki mteja ni wa zamani duniani. Mwaka 1844 Mmarekani Elizur Wright, mwanahisabati na mpinzani wa biashara ya utumwa, alikuwa London akashuhudia wazee walioshindwa kuendelea kulipia bima zao za maisha wakiuza mikataba yao mnadani kwa matajiri, ambao wangevuna siku wazee hao watakapokufa. Ilimkumbusha minada aliyokuwa akiipinga kwao. Alirudi Massachusetts, akawa kamishna wa bima wa jimbo hilo kuanzia 1858, na mwaka 1861 ikapitishwa sheria iliyokataza kampuni kumeza ada zote za mtu aliyeshindwa kuendelea. Hadi leo, anayeuziwa bima ya maisha au ya elimu ya mtoto Tarime anapaswa kuuliza jambo lile lile: nikiacha mwaka wa tatu, narudishiwa nini? Kwa mikataba mingi jibu la miaka ya mwanzo ni kidogo sana au hakuna, na wakala anayelipwa kamisheni hana haraka ya kulitaja.

Moto wa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, usiku wa Julai 10, 2021, ulisukuma mambo upande mwingine. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali isiyokuwa na bima. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha iliongeza orodha ya bima za lazima, yakaingia masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, na vyombo vya majini vikiwemo vivuko. Kwa watu wa Ziwa Victoria waliozika zaidi ya ndugu 200 baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, hilo la vivuko halihitaji hotuba. Ila bima ya jengo la soko haimlipi mwenye kibanda nyanya zake wala mitumba yake. Anayedhani amekingwa kwa sababu halmashauri imelipa, ajiulize tena.

Shambani ndiko ahadi ni kubwa na utata ni mkubwa zaidi. Serikali iliondoa VAT kwenye bima ya mazao, na mwaka 2023 kampuni zikaungana katika konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ili zigawane hatari ambayo kila moja peke yake iliiogopa. Bima nyingi za aina hii hazipimi shamba la mtu. Zinapima mvua au ukijani wa eneo kwa setelaiti. Mfano wa karibu ni bima ya mifugo iliyoanza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010: setelaiti ikionyesha malisho yamekauka kupita kiwango, wafugaji wote wa eneo hilo wenye bima hiyo wanalipwa bila mtu kuhesabu mizoga. Ni haraka na ni nafuu. Lakini mkulima wa mahindi ambaye shamba lake limekauka ilhali kipimo cha kata kinasema mvua ilitosha halipwi, na hakuna wa kumwonyesha shamba lake. Mdhibiti ana kazi ya kuhakikisha hilo linasemwa kabla ya ada kupokelewa.

Wilayani Serengeti kuna tatizo ambalo hata setelaiti haijalijua. Tembo wakitoka hifadhini na kuingia mashamba ya Robanda au Natta, usiku mmoja unatosha. Wananchi huko wamezoea maneno kifuta jasho na kifuta machozi, malipo ya Wizara ya Maliasili na Utalii chini ya kanuni za mwaka 2011 kwa mazao yaliyoharibiwa na kwa watu walioumizwa au kuuawa na wanyamapori. Jina lenyewe limechaguliwa kwa makini. Hayo ni malipo ya pole, hayafuati thamani ya mazao yaliyoliwa. Mtu hana mkataba wa kuushika, hana siku 45, hana msuluhishi wa kumwendea. Wanaofikiria kugeuza utaratibu huo kuwa bima kamili wana hoja nzuri, na wana hesabu ngumu, kwa sababu tembo wa Serengeti hawaji kwa bahati mbaya. Wanakuja kila msimu mahindi yakikomaa, na kampuni ya bima hukwepa hasara ambayo kila mtu anajua itatokea.

Mzigo mkubwa zaidi wa mdhibiti unakuja kutoka hospitali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Namba 13 ya mwaka 2023, inataka kila mkazi awe na bima ya afya, na imeiweka TIRA kuwa msimamizi wa skimu za bima hiyo. Kwa miaka kadhaa kaya nyingi za vijijini ziliijua CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii uliotoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na malalamiko yao yanajulikana: dawa hakuna, nenda kanunue nje. Lalamiko la namna hiyo lilikuwa la kumpelekea mganga mfawidhi au diwani. Chini ya sheria mpya linaweza kuwa suala la mdhibiti wa bima, na litatoka kwa watu wengi mno. Mkoa wa Mara peke yake ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2.3 katika sensa ya 2022. Ofisi iliyozoea kupokea mafaili ya magari itatakiwa kumsikiliza bibi wa Nyamongo ambaye kadi yake imekataliwa dirishani saa mbili asubuhi, akiwa na mjukuu mwenye homa mgongoni.